Honi Iliyofuturisha Soko Zima

Ikiwa gazeti la juma lililopita mlifungia papa kabla ya kulisoma, siwalaumu. Papa naye ana haki zake. Habari kwa ufupi ni hii. Mimi Boga, mtoto wa Likoni, nilivuka feri na magunia ya nazi kwenda kutafuta maisha Changamwe. Nikapata kibanda sokoni, nikapata uadui na mbuzi wa jirani, nikapata na mapenzi ya Mwanarusi binti Mwidani. Kibanda mbuzi alikila, kuanzia mlango wa gunia hadi paa la makuti. Mapenzi yakabaki.

Nikampeleka ami yangu Mbwana akaniposee. Ami akalala katikati ya posa, palepale juu ya mkeka wa Mzee Mwidani, akakoroma hadi kikombe cha kahawa kikatembea chenyewe kutoka ncha hii ya sinia mpaka ncha ile. Wallahi nilikiona kwa macho yangu.

Mzee Mwidani, mkuu wa soko, hakucheka. Alingoja ami aamke, kisha akanigeukia mimi.

"Mwezi wa Ramadhani uko karibu," alisema. "Likifika kumi la kati, lete futari hapa sokoni tufuturu pamoja. Nataka niuone mkono wa kwenu. Tukisha kula, nitakwambia kama nna binti wa kukupa au sina."

Basi hapo ndipo tulipo. Ramadhani imefika, kumi la kati limefika, na mimi nina siku moja ya kuoa au kukosa.

Kwanza nikwambieni neno moja kuhusu soko lile, maana bila hilo hamtaielewa balaa yangu.

Soko la Changamwe la siku zile halikujengwa na mtu. Lilidondoka kutoka kwenye treni. Waliotandika reli walitaka chai. Chai ikataka mahamri, mahamri yakataka nazi, nazi ikataka mtu wa Likoni. Ndivyo nilivyofika mimi, na ndivyo walivyofika wote.

Na kwa kuwa soko lilizaliwa na reli, liliishi kwa honi ya reli. Ikilia honi ya mabehewa ya asubuhi kutoka Kilindini, vibanda vinafunguliwa. Ikilia ya adhuhuri, masufuria yanainuliwa motoni. Na Ramadhani, gari la abiria la kwenda Nairobi likipiga honi pale kwenye kivuko cha reli, basi magharibi imeingia, na soko zima linasema Bismillahi.

Adhana ilikuwapo, sikatai. Lakini kwa ngurumo za malori na vyuma vya reli, sauti ya Maalim Rama ilikuwa haivuki hata uchochoro wa wauza mchicha.

"Nyinyi mnafunga kwa amri ya Mungu au kwa amri ya injini?" Maalim alikuwa akiuliza kila siku, mkono kiunoni.

"Kwa amri ya Mungu, Maalim," Mzee Mwidani humjibu. "Lakini injini ndiyo yenye saa."

Wakati ule watu wazima walikuwa wakishikana mashati mabarazani, huyu ataka Mwambao uende na Kenya, huyu ataka ubaki na Sultani wa Unguja. Sokoni kwetu hatukuwa na ugomvi huo. Sisi tulikuwa na sultani wetu, naye alikuwa ni honi.

Siku yenyewe, shangazi yangu Dhahabu wa Magongo aliamka kabla ya jogoo kunipikia futari. Akapika mihogo ya nazi. Akapika mbaazi, samaki wa kupaka, tambi za sukari, mahamri, kaimati, na uji wa pilipili manga mkali kiasi kwamba nzi aliyepita juu ya sufuria alipiga chafya. Nikaazima mkokoteni, tukapanga masufuria, tukafunika kwa majani ya mgomba.

"Boga," akasema shangazi.

"Naam, shangazi."

"Ukimwaga hata tone, usirudi hapa. Panda treni uende Nairobi ukaanze maisha mapya."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kutoka Magongo kuna njia mbili. Kuna barabara kubwa, ina mashimo ya kumeza punda. Na kuna njia ya mkato inayovuka reli ya pembeni, ile ya kupangia mabehewa, nyuma kabisa ya nyumba ya Mzee Mwidani. Mtu mwenye akili angeshika barabara kubwa. Mimi nilikuwa nimeposa, akili niliiacha Likoni.

Nikafika relini jua likiwa bado na nguvu zake. Nikausukuma mkokoteni, gurudumu la mbele likapanda chuma, likavuka. La nyuma likapanda chuma, likateleza, likazama katikati ya reli na gogo la taruma. Kwi!

Nikavuta. Nikasukuma. Nikabembeleza. Nikauita mkokoteni kwa majina mazuri, halafu kwa mabaya, nikakumbuka nimefunga, nikasema astaghfirullah nikarudi kwenye mazuri.

Ndipo chuma kikaanza kutetemeka chini ya miguu yangu.

Injini ilikuwa inakuja kinyumenyume na mabehewa yake, na dereva alikuwa Gershom, rafiki yangu, Mtaita. Muda wote aliokaa reli alikuwa mtu wa kutupa makaa tanurini; usukani walipewa wengine. Mwezi ule ndio kwanza wamemkabidhi injini, akapewa na chumba katika nyumba za reli, akamwita mkewe Margaret kutoka Wundanyi aje akae naye. Alivyokuwa akiipenda injini ile, alikuwa akiifuta kwa leso yake mwenyewe.

Nikapunga mikono yote miwili. Gershom akaniona. Akashika breki, magurudumu yakatoa cheche, na kwa mkono wa pili akaivuta honi, akaining'inia kama mtu anayezama.

Pwoooooooo!

Injini ikasimama. Kati yake na uji wa shangazi ungeweza kupitisha kiganja, wala si kiganja kinene.

"Boga!" Gershom akaruka chini. "Umechoka kuishi? Mahali pote pa kupumzikia hujapaona ila hapa?"

"Bwana Gershom, ni futari ya posa! Nisaidie tuinue!"

"Ya posa? Ndio leo?"

"Ndio leo!"

Tukainua. Haukunyanyuka. Tukaita mtu wake wa kutupa makaa, Mwarandu, akashuka akaushika, ukakataa watu watatu.

"Nyamazeni kidogo," nikasema ghafla. "Mwasikia?"

"Sisikii kitu," akasema Gershom.

"Ndiyo hiyo. Hakuna kitu."

Soko lilikuwa kimya. Msiowahi kulisikia soko la Changamwe hamwezi kujua kutisha kwa kimya kile. Hapakuwa na mnadi, hapakuwa na tusi, wala kisu juu ya ubao. Soko zima, midomo imejaa, linatafuna.

Nikatazama juu. Jua lilikuwa pale pale, jeupe, limetulia, halina habari.

"Yallah," nikasema. "Wamefuturu."

"Nani?"

"Wote!"

Nikamwambia Gershom anilindie futari, nakwenda kuita watu wa kuinua. Nikakimbia.

Nilifika sokoni sawa na Maalim Rama. Yeye alitoka msikitini bila kilemba, kiatu kimoja mguuni.

"Jua! Jua hilo!" alikuwa akipiga kelele. "Mmekula mchana, enyi watu wa reli! Mmekula mchana kweupe!"

Mikono ikasimama hewani. Mtu mmoja akatema kaimati ikaruka hadi kwenye kibanda cha viazi.

"Maalim, mimi nimetafuna tu, sijameza."

"Na hayo mafuta kidevuni yamepita wapi?"

"Maalim, mimi nimekunywa maji, maji si chakula."

"Maalim, nilikuwa naonja chumvi!"

"Onjeni, onjeni," akasema Maalim. "Siku hii mtailipa nyote. Na kuanzia sasa hadi jua lizame, afunge mdomo kila mtu. Nimewaambia miaka mingapi? Miaka mingapi nimewaambia?" Na kwa hasira zake zote, naapa niliona anafurahi kidogo.

Mzee Mwidani alikuwa amekaa kwenye mkeka uliotandikwa kwa ajili yangu mimi na futari yangu. Akafungua kiganja taratibu. Ndani yake palikuwa na kokwa ya tende.

"Tangu nibaleghe," akasema, na sauti ilikuwa ya chini kuliko zote nilizowahi kumsikia nazo, "sijawahi kulipa hata siku moja. Nimefunga vitani nikibebea Waingereza mizigo. Nimefunga na malaria. Nimeng'olewa jino na sikumeza mate. Leo nimefunguzwa na honi."

Watu wakainamisha vichwa. Ndipo akainuka, na sauti ikapanda.

"Aliyenitendea haya, awe nani, sitaki kumwona. Nyumbani kwangu hatavuka kizingiti. Mzima hataingia, maiti hataingia!"

Kisha akaniona.

"Ah, Boga. Ndoo hapa, mwanangu. Umekuja kwenye msiba. Futari yetu iko wapi?"

"Iko... njiani, mzee."

"Afadhali. Angalau wewe ulikuwa na subira."

Nikameza mate. Kwa kuwa nilikuwa sijafungua, hata hayo niliyameza kwa hofu.

Wakati huohuo Gershom akatokea, kofia yake ya kazi mkononi, jasho linamtoka. Alikuwa amechoka kuningoja.

"Jamani, shikamooni wazee," akasema. "Nisaidieni watu wanne wenye nguvu, pale nyuma kuna..."

"Ndiye huyo!" mtu akapaza sauti. "Dereva ndiye huyo!"

Wakamzunguka. Gershom akazungusha macho, akanipata. Nami uso wangu nadhani ulisema kila kitu, kwa sababu aliifunga ile sentensi yake katikati asiimalize.

"Wewe ndiye uliyepiga honi?" akauliza Mzee Mwidani.

"Ndiye mimi, mzee."

"Wajua sisi twafungulia honi?"

"Najua, mzee. Wote reli tunajua. Ndiyo maana mwezi huu hatupigi ovyo."

"Na hii ulipiga kwa nini?"

Gershom alijua habari ya posa yangu yote. Koti nililovaa siku ami alipokoroma lilikuwa lake. Akaitazama kofia, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mkono uliteleza," akasema.

Soko likalipuka. Wa ndizi akasema Mkristo huyu ametuchezea dini. Wa nyanya akasema wabara wakipewa chuma kidogo wanajiona magavana. Mzee Mwidani akainua mkono, wakanyamaza.

"Kesho asubuhi," akasema, "soko zima, hakuna kuuza, twaenda kwa stesheni masta. Injini ile itafutiwa mtu ambaye mkono wake hautelezi."

Gershom aliivaa tu ile kofia, vizuri, akainyoosha, kama mtu anayejua hataivaa tena.

Jamani, nisikilizeni hapa. Nikisema, nimemkosa Mwanarusi. Nikinyamaza, Gershom anakosa injini, na Margaret anatupiwa vyombo nje ya nyumba za reli kabla hajajua hata njia ya bombani. Nilisimama pale nikatamani ami Mbwana angekuwapo, akorome, mambo yaahirishwe.

"Ni mimi!" nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Honi, mzee. Ni mimi niliyesababisha. Mkokoteni wangu umekwama relini, na futari yako ndani yake. Gershom alipiga honi asiniue. Hana kosa. Kosa langu."

Mzee Mwidani akasogea hadi mbele yangu. Midomo ikaanza kumcheza. Nikafumba macho nikingoja bakora.

Badala yake nikahisi mikono miwili imenishika mabega.

"Sikieni!" akasema Mzee Mwidani, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Sikieni mtoto wa watu! Nimetoka kuapa sasa hivi, amesikia kwa masikio yake, anajua nini atakosa. Na bado anaibeba lawama ya mwenzake! Anajisingizia, kwa ajili ya rafiki!"

"Sijisingizii, mzee."

"Mwaona? Hata kukiri hataki!"

"Mzee, ni kweli!" akasema Gershom. "Ni yeye!"

"Na wewe nyamaza!" Mzee Mwidani akamkemea. "Mwenzio anakuokoa, wewe unamsukumia shimoni! Ndio urafiki wa kwenu huo?"

Akanigeukia tena.

"Boga, nikwambie kweli. Jibu langu la leo lilikuwa hapana. Kwa yule ami wako na ule mkoromo wake, nilikuwa nimeshaamua. Lakini mtu mwenye moyo huu simwachi aende kwa watu wengine. Mwanarusi ni wako."

Wanawake wa mboga wakapiga vigelegele, kisha wakakumbuka msiba wakavikata katikati. Maalim Rama akainua mikono kuomba dua. Nami, ndugu zangu, mtu niliyesema kweli mara moja tu mwaka ule, nilikuwa nimepewa mke kwa sababu hawakuniamini.

Ningeweza kunyamaza. Sitawadanganya, nilinyamaza, kama pumzi tatu hivi. Zilikuwa pumzi tamu sana.

"Na kesho," Mzee Mwidani akaendelea, "dereva huyu tunampeleka kwa wakubwa wake."

Utamu ukaisha.

"Mzee," nikasema, "mkokoteni uko pale relini. Nyuma ya nyumba yako. Masufuria yako juu yake, majani ya mgomba yako juu ya masufuria. Twendeni mkaone kwa macho. Mkiukuta, basi nimesema kweli, na Gershom aachwe."

"Na nikiukuta," akasema Mzee Mwidani polepole, akinitazama, "unakumbuka nilichoapa?"

"Nakumbuka, mzee."

"Twende."

Tukaenda. Soko zima nyuma yetu, watu wa mihogo, wa ndizi, Maalim na kiatu chake kimoja. Mzee Mwidani alinishika mkono njia nzima, kama baba na mwana, na kila hatua nilisema moyoni, huu mkono ndio unaondoka.

Tukapita ubavuni mwa nyumba yake, tukatokea relini.

Injini ilikuwapo, inapumua. Mabehewa yalikuwapo. Reli ilikuwapo.

Mkokoteni haukuwapo.

Nikainama nikatazama chini ya injini. Gershom akatazama upande wa pili. Hakukuwa na gurudumu, hakukuwa na sufuria, hata jani la mgomba. Mchanga ulikuwa umefagiliwa, mistari ya ufagio inaonekana.

"Mwarandu!" Gershom akaita. "Mkokoteni uko wapi?"

Mwarandu akachungulia kutoka kwenye injini, shavu limevimba upande mmoja.

"Mkokoteni gani?"

"Mkokoteni! Tuliokuwa tunauinua sisi watatu!"

"Mimi nipo na makaa yangu tangu mchana," akasema Mwarandu, akameza, akapangusa mdomo. "Sijaona mkokoteni."

"Unakula nini?"

"Hamri."

"Umelipata wapi?"

"Mungu ni mwema," akasema Mwarandu, akarudisha kichwa ndani.

Mzee Mwidani akatikisa kichwa. Akanipigapiga bega.

"Inatosha, mwanangu. Umejaribu. Umemtetea mwenzio mpaka umebuni na masufuria."

Na hapo ndipo nilipoona.

Kwenye msumari mkubwa wa taruma, karibu na mguu wangu, palikuwa pamenasa kipande cha kanga. Chekundu, kina mikorosho myeusi pembeni. Kanga ile sokoni ilikuwa moja tu, maana niliitafuta mimi mwenyewe mji mzima nikaituma kwa siri. Na baba mtu alikuwa ameiona asubuhi ile ile kwa mwenye kuivaa, kwa sababu aliisifu mbele za watu.

Kumbe ua wa nyumba yao haukuwa mbali na reli. Kumbe kulikuwa na mtu nyuma ya ua aliyesikia honi, akasikia na maneno yetu yote. Kumbe watu watatu tulishindwa kuutoa mkokoteni kwa sababu hatukuwa na sababu kama yake.

Ananitaka, nikasema moyoni. Mwanarusi ananitaka!

Furaha hiyo haikumaliza hata kufika magotini. Nikikiinua kipande kile, Gershom amepona; lakini Mzee Mwidani atajua binti yake ametoka peke yake mchana wa Ramadhani, amesukuma mkokoteni wa mposaji na kuwahonga watu wa reli mahamri ili kumdanganya babake. Nikikiacha, Gershom kesho hana injini.

Mguu wangu ukaamua kabla yangu. Nikakikanyaga.

Nikainua uso. Watu wote walikuwa wameanza kugeuka kurudi sokoni, isipokuwa Gershom. Gershom alikuwa hanitazami usoni. Alikuwa anautazama mguu.

Upande wa msikiti, Maalim Rama alikuwa ameshakimbilia kwenda kuadhini, maana sasa jua lilikuwa linazama kweli.

"Boga, mwanangu," akaita Mzee Mwidani, amesimama hatua chache mbele, mkono ameunyoosha anisubiri. "Mbona umesimama kama uliyepigiliwa? Inua mguu twende, watu wana njaa."

Gershom akaja taratibu mpaka ubavuni kwangu. Akavua kofia.

"Eeh, Boga," akasema. "Inua mguu."